Mafaili ya Familia Mahali Pamoja: Matumizi Salama ya Diski Iliyounganishwa na Ruta

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Buzebazeba



Nyaraka za familia siku hizi zimehamia kwenye simu. Picha ya cheti cha kuzaliwa kilichotolewa na RITA imo katika simu ya mama. Mkataba wa mauziano ya kiwanja umo katika simu ya baba. Notisi za mtoto wa kidato cha nne zimo katika kompyuta mpakato ya kaka yake, na picha za harusi zimo katika flashi ambayo hakuna ajuaye ilipo. Simu ikiibwa au ikitumbukia majini, sehemu ya kumbukumbu za nyumba huondoka nayo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ipo njia nafuu ya kuyaweka mafaili hayo mahali pamoja ili kila mwanafamilia ayafikie. Ni kuchomeka flashi au diski ya nje kwenye ruta inayosambaza waifai nyumbani. Njia hiyo ina manufaa makubwa, ila ina masharti matatu ambayo hayana budi kutimizwa: mlango uwe na kufuli, umeme usikatike ghafla diski ikiwa kazini, na nakala ya pili iwepo nje ya nyumba.

Kifaa na kazi yake

Ruta nyingi za mezani zina tundu la USB nyuma au ubavuni. Diski ikichomekwa hapo, ruta huigeuza kuwa kabati la pamoja. Simu au kompyuta yoyote iliyomo katika waifai ile inaweza kulifungua kabati hilo, ikasoma faili au ikaweka jipya. Si kila ruta ina uwezo huo. Zile ndogo za mfukoni, zinazotumia laini ya simu, kwa kawaida tundu lake ni la kuchajia tu. Kabla ya kununua diski, inafaa kusoma kijitabu kilichokuja na ruta au kumuuliza fundi.

Faida ya kwanza ni bando. Mtu anapomtumia nduguye video kwa WhatsApp, hata kama wameketi sebule moja, video hiyo hupanda kwenda kwenye mitambo ya mbali kisha hushuka tena, na bando huliwa mara mbili. Faili likipita kwenye ruta ya nyumbani halitoki nje ya nyumba, na halili bando hata kidogo. Somo la video lenye ukubwa wa GB 1 likipakuliwa na watoto wanne, kila mmoja kwa simu yake, hutumia GB 4. Likipakuliwa mara moja na kuwekwa kwenye diski ya pamoja, hutumia GB 1 tu. Hata bando likiisha kabisa, diski huendelea kufikika, mradi ruta ina umeme.

Namna ya kuunganisha

Hatua hutofautiana kidogo kati ya ruta moja na nyingine, lakini mwenendo wake ni huu:

1. Diski ichomekwe kwenye tundu la USB, kisha mwenye nyumba asubiri dakika moja au mbili ili ruta iitambue.

2. Afungue kivinjari katika simu au kompyuta, aandike anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, kisha aingie kwa nenosiri la msimamizi. Nenosiri hilo ni tofauti na lile la waifai, na kwa kawaida limebandikwa chini ya ruta.

3. Atafute ukurasa wa mipangilio ya USB au ya kushirikisha mafaili, auruhusu, kisha atengeneze jina la mtumiaji na nenosiri la kufungulia diski.

4. Kwenye kompyuta yenye Windows, aandike \\192.168.0.1 (au anwani ya ruta yake) katika sehemu ya juu ya dirisha la mafaili. Kwenye iPhone, programu ya mafaili ina sehemu ya kuunganisha na seva. Simu nyingi za Android huhitaji programu ya kusimamia mafaili yenye uwezo wa kufungua mtandao wa nyumbani.

Faili kubwa likikataa kunakiliwa ilhali nafasi ipo, sababu mara nyingi ni mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4. Diski iliyofomatiwa kwa exFAT au NTFS haina kikomo hicho, ila ni lazima kuhakikisha kuwa ruta inautambua mfumo huo. Kufomati hufuta kila kitu, kwa hiyo mafaili yahamishwe kwanza.

Sharti la kwanza: mlango uwe na kufuli

Nyumba nyingi zina wapangaji, na waifai moja huweza kuhudumia vyumba kadhaa. Wapo pia wageni, majirani na watoto wa jirani wanaolijua nenosiri. Ruta nyingi zikiwashwa sehemu ya USB huruhusu yeyote aliyemo katika waifai kuifungua diski bila kuulizwa chochote. Maana yake ni kwamba mpangaji wa chumba cha mwisho anaweza kusoma mkataba wa kiwanja cha mwenye nyumba, na mtoto wa jirani anaweza kufuta picha za marehemu babu kwa kubonyeza mara moja.

Dawa yake ni nne. Kwanza, ruhusa ya kuingia bila nenosiri izimwe. Pili, nenosiri la msimamizi lililokuja na ruta libadilishwe siku hiyo hiyo. Tatu, wapangaji na wageni wapewe waifai ya wageni, ambayo ruta nyingi huweza kuitenga na mafaili ya nyumbani. Nne, ruhusa ya kuifikia diski kutoka nje ya nyumba kwa njia ya intaneti isiwashwe. Baadhi ya ruta huipendekeza kama urahisi, lakini huo ni mlango unaofunguliwa kwa dunia nzima.

Jambo jingine linahusu umri wa kifaa. Itifaki inayotumika kushirikisha mafaili huitwa SMB, na toleo lake la kwanza ni la miaka ya 1980. Mnamo Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilipitia udhaifu katika toleo hilo, vikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwamo za hospitali za umma nchini Uingereza. Tangu mwaka huo, Windows mpya huja bila toleo hilo. Kwa hiyo kompyuta mpya inapokataa kuifungua diski iliyo kwenye ruta ya zamani, huenda inamlinda mwenyewe. Wapo watakaoshauri toleo la zamani lirudishwe. Ushauri huo usifuatwe. Njia iliyo salama ni kusasisha programu ya ndani ya ruta, na ikishindikana, kubadilisha ruta.

Sharti la pili: umeme usikatike ghafla

Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, faili hilo laweza kuharibika, na pengine diski nzima ikakataa kufunguka. Kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme hutosha kuipa ruta muda wa kumaliza kazi. Kabla ya kuchomoa diski, amri ya kuiondoa kwa usalama itolewe kupitia mipangilio ya ruta. Diski inayotoa mlio wa kugonga huenda haipati umeme wa kutosha kutoka kwenye tundu, au imeanza kuchoka. Mafaili yake yanakiliwe mahali pengine mara moja.

Sharti la tatu: nakala ya pili nje ya nyumba

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Wakishakusanya mafaili yote kwenye diski moja, huyafuta kwenye simu ili kupata nafasi. Kufikia hapo kilichopatikana ni urahisi, na usalama umepungua, kwa maana vitu vilivyokuwa vimetawanyika sasa vinaweza kupotea kwa siku moja. Moto, mwizi na maji havichagui faili. Kupanda kwa maji ya Ziwa Tanganyika katika miaka ya karibuni kumewaonyesha wakazi wa ufukweni jinsi nyumba inavyoweza kuingiwa na maji pamoja na vyote vilivyomo.

Wataalamu hufundisha kanuni nyepesi: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida, hiyo ni nakala katika simu, nakala katika diski ya ruta, na flashi iliyofungwa kwa nenosiri inayotunzwa na ndugu anayeaminika katika kata nyingine. Flashi hiyo isasishwe kila baada ya miezi mitatu. Nyaraka za asili nazo zitunzwe vizuri, kwani picha ya cheti haichukui nafasi ya cheti. Thamani ya picha ni kuhifadhi namba na tarehe, ambazo humrahisishia mwananchi kufuatilia cheti kipya.

Neno kwa wenye maduka ya steshenari

Maduka yanayochapa na kuskani nyaraka hubaki na vitambulisho na vyeti vya wateja katika kompyuta zao. Diski ya duka ikiwa wazi kwenye waifai ambayo wateja wanaitumia, siri za watu wengi zimo hatarini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na asizitunze kupita haja iliyokusudiwa. Mafaili ya mteja yafutwe kazi yake ikishakamilika. Kwa upande mwingine, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayeingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta wa mwingine bila ruhusa. Udhaifu wa kufuli haumpi jirani haki ya kuingia.

Ndugu wakazi, diski iliyochomekwa kwenye ruta ni kabati la familia. Kabati huwarahisishia watoto masomo, huokoa bando na hukusanya kumbukumbu za wazee. Jioni ya leo, kila mwenye ruta yenye tundu la USB ajiulize maswali matatu: Ni nani anayeweza kuifungua diski hii? Umeme ukikatika sasa, nini kitaharibika? Nyumba hii ikipatwa na janga usiku huu, nakala nyingine iko kwa nani? Asiye na jibu la swali mojawapo ana kazi ya kufanya kabla ya kulala.