KUHAMA AU KUBAKI SHELA: TUPIGE HESABU KWANZA
(Mazungumzo mbele ya wanachama, Shela)



Kila kusi inapoanza, mwezi wa Aprili, twaulizwa swali lile lile: Je, nibaki Shela, niende Mombasa au Nairobi, au nivuke nikatafute kazi bandarini? Sisi hatuwezi kumwamulia mtu. Lakini twaweza kupiga hesabu pamoja, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza, hewa. Hapa kwetu pepo ndizo zigawazo mwaka. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba hata Machi, wageni huja, mahoteli hujaa, na manahodha hawapati kupumzika. Kusi ikija na mvua ya masika bahari huchafuka, na mwezi wa Mei na Juni baadhi ya mahoteli hufungwa kabisa. Kwa hiyo hewa ya Shela si jambo la afya tu, ni jambo la mshahara. Mombasa ina joto kama letu, lakini bandari yake haifungwi kwa sababu ya kusi. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na Julai ni baridi. Mtu wa pwani atanunua blanketi na sweta kabla hajaula mshahara wa kwanza.

Pili, gharama. Mwenye nyumba ya wazee hapa hana kodi, na Lamu mjini twaenda kwa miguu. Lakini unga na sukari huja kwa lori mpaka Mokowe, kisha kwa chombo, na kila mchukuzi ataka chake. Tena amri ya serikali ya kima cha chini cha mshahara huweka miji mikubwa juu na sehemu kama zetu chini. Basi wa Mombasa apata zaidi, lakini kodi ya chumba na nauli zamngoja mlangoni.

Tatu, kazi. Utalii ulianguka baada ya utekaji wa Kiwayu na Manda mwaka 2011, ukaanguka tena baada ya mauaji ya Mpeketoni mwaka 2014, na tena kwa korona mwaka 2020. Bandari mpya ilizinduliwa mwaka 2012 na gati la kwanza likafunguliwa mwaka 2021. Lakini bandari haimwandiki mtu kwa sababu bahari ni ya babu yake, yataka cheti. Wavuvi walioharibiwa riziki yao na ujenzi huo walishtaki kwa pamoja, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Mmoja mmoja wasingesikilizwa.

Sasa shauri letu, ndugu.

Hoteli ikifungwa na tajiri akasema, "Nenda nyumbani, tutakuita," usiondoke kimya. Uliza: hii ni likizo, mkataba umekwisha, au ni kupunguzwa kazi? Kila moja ina haki yake. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, wanachama wakipunguzwa kazi, chama na ofisi ya kazi hupewa taarifa mwezi mmoja kabla, na mtu hulipwa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumika. Anayepanda basi la Mombasa bila kuuliza ameziacha fedha hizo mezani.

Kijana atumie miezi ya kusi kutafuta cheti, awe fundi wa umeme, wa injini au wa jikoni. Cheti husafiri popote.

Na tafadhali, nyumba ya wazee isiuzwe ili kupata nauli. Nyumba nyingi za Shela zimekwisha kununuliwa na wageni. Mshahara wa mjini ukikatika, mwenye nyumba ana pa kurudi. Aliyeuza atarudi kuwa mpangaji katika mji wake mwenyewe.

Mwenye barua ya kazi ambayo haifahamu, ailete kwa katibu wa tawi tuisome pamoja kabla ya kusi kuanza.

Umoja ni nguvu.