Betri ya Motokaa Isiyotembea



Wazee walisema kwamba akiba haiozi. Neno hili ni la kweli kwa mahindi yaliyokaushwa vizuri na kwa fedha iliyowekwa benki, lakini si la kweli kwa umeme uliowekwa ndani ya betri ya motokaa. Akiba hiyo huoza, tena huoza kimya kimya, na mwenyewe hapati habari mpaka siku anapoihitaji.

Na afikiriwe mkulima wa viazi wa Molo aliye na motokaa moja. Kwa kuwa petroli ni ghali, yeye hupanda matatu aendapo Nakuru, na motokaa huiacha uani kwa ajili ya siku ya shida. Siku hiyo yaja saa nane ya usiku. Mkewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa, baridi ni kali, na hospitali kubwa iko Nakuru, mwendo wa kilomita 50 hivi. Mkulima azungusha ufunguo, asikia mlio mdogo wa ta-ta-ta, kisha kimya. Motokaa aliyoitunza kwa ajili ya saa hiyo moja imemwangusha saa hiyo hiyo. Kosa lake si uvivu wala ubahili. Kosa lake ni kudhani kwamba motokaa iliyosimama imepumzika.

Motokaa iliyosimama haipumziki. Hata ufunguo ukitolewa na milango ikifungwa, saa yake huendelea kuhesabu, kengele ya kuzuia wezi huendelea kukesha, kompyuta zake hutunza kumbukumbu, na kile chombo cha kufuatilia motokaa iliyoibwa huendelea kutuma habari. Vyote hivyo hunywa umeme kutoka betri moja. Katika motokaa isiyo na hitilafu, unywaji huo kwa kawaida hauzidi mili-ampea 50. Ni kitu kidogo, kama bomba linalodondosha tone moja moja. Lakini matone humaliza pipa. Mili-ampea 50 kwa muda wa saa 24 ni ampea-saa 1.2, na betri ya motokaa ndogo mara nyingi hubeba ampea-saa 45 hivi.

Hesabu hii yaweza kulinganishwa na jambo ambalo watu wa Nakuru wanalikumbuka. Tarehe 26 Machi 2021, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku safari za kuingia na kutoka katika eneo la kaunti tano, yaani Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Amri hiyo iliondolewa tarehe 1 Mei. Motokaa iliyoegeshwa siku ya tangazo, isiguswe mpaka siku ya kufunguliwa, ilikaa siku 36. Siku 36 mara ampea-saa 1.2 ni ampea-saa 43. Kwa hiyo betri ya ampea-saa 45, hata kama ilikuwa imejaa siku ya kwanza, ilikuwa karibu tupu siku ya mwisho, pasipo mwizi wala taa iliyosahauliwa.

Tena hasara haiishi hapo. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kazi yake haijabadilika sana tangu wakati huo. Ndani yake mna vyumba sita, na katika kila chumba bamba za risasi zimezama katika asidi. Umeme unapotoka, chumvi nyeupe hujengeka juu ya bamba hizo. Umeme unaporudishwa mapema, chumvi hiyo huyeyuka. Lakini betri ikiachwa tupu kwa majuma mengi, chumvi huwa ngumu kama ukoko wa sufuria, na betri haikubali tena kujaa kama zamani. Ndiyo sababu betri iliyokufa kwa kusimama mara nyingi hufa tena hata baada ya kuchajiwa.

Hali ya nchi nayo ina neno lake. Katika Molo, palipo na urefu wa zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, baridi ya alfajiri hupunguza nguvu ya betri na kuyafanya mafuta ya injini kuwa mazito. Chini huko Marigat, joto huiharakisha betri kujimaliza yenyewe na kuzila bamba zake upesi. Basi mtu wa mlimani na mtu wa bondeni, wote wawili yawapasa kuangalia.

Kabla ya kununua betri mpya, ni lazima kwanza ijulikane ugonjwa uko wapi. Watu wengi hununua betri, na baada ya mwezi mmoja ile mpya nayo hufa, kwa sababu mwizi wa umeme alikuwa mahali pengine. Kipimo cha volti kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme chatosha kwa kazi hii.

Kwanza, betri na ipimwe asubuhi kabla injini haijawashwa. Ikionyesha volti 12.6 au zaidi, imejaa. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12, karibu imekwisha, na yafaa ichajiwe siku hiyo hiyo.

Pili, injini iwashwe, ipimwe tena. Sasa kipimo kionyeshe kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Kikibaki 12 na kuendelea kushuka, kosa ni la altaneta, ile mashine inayozalisha umeme injini inapozunguka, au la mkanda unaoizungusha, au la waya zake. Hapo betri mpya haitasaidia kitu.

Tatu, ikiwa altaneta ni nzima, na atafutwe mwizi. Motokaa izimwe, milango yote na buti vifungwe, na ufunguo uwekwe mbali. Waya wa hasi, yaani ule wa alama ya kutoa, ufunguliwe kutoka betri, na kipimo kilichowekwa kwenye ampea 10 kiunganishwe kati ya waya huo na betri. Baada ya hapo mtu asubiri nusu saa, maana kompyuta huchelewa kulala. Mtu asijaribu kamwe kuwasha injini wakati kipimo kimo njiani, kwani kitaungua. Ikiwa umeme unaopita wazidi sana mili-ampea 50, fyuzi zitolewe moja moja. Ile ambayo ikitolewa kipimo chashuka, ndiyo inayoonyesha njia ya mwizi: pengine ni redio iliyofungwa vibaya, pengine taa ya buti isiyozimika. Asiyeielewa kazi hii na ampelekee fundi wa umeme wa magari.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Motokaa na iendeshwe angalau mara moja kwa juma, muda wa nusu saa au zaidi. Safari ya kutoka Nakuru hadi Njoro na kurudi yafaa sana. Kuwasha injini dakika 5 uani na kuizima hakufai, maana kuiamsha injini hula umeme mwingi, na muda huo hautoshi kuurudisha.

Motokaa itakayosimama majuma mengi, waya wake wa hasi na ufunguliwe. Lakini ikumbukwe kwamba kengele na chombo cha kufuatilia havitalindwa tena na betri hiyo, kwa hiyo motokaa ikae mahali salama. Asiyetaka kuufungua waya aweza kutumia kibamba kidogo cha umeme wa jua chenye kidhibiti chake. Jua la Bonde la Ufa halina bei.

Ukungu mweupe au wa kijani kwenye ncha za betri usafishwe kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi ya kuokea, ila maji hayo yasiingie ndani ya vyumba. Kisha ncha zikazwe na kupakwa mafuta mazito. Betri yenye vifuniko iongezwe maji yaliyotoneshwa peke yake. Maji ya visima vya nchi hii yana madini mengi. Huyatia meno ya watoto madoa, na bamba za betri nazo hayazifai.

Ikiwa betri imekwisha na motokaa ya jirani ipo, waya za kuamshia ziunganishwe kwa utaratibu: chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ifungwe kwenye chuma kitupu cha injini iliyokufa, mbali na betri. Sababu ni kwamba betri hutoa hewa iwakayo, na cheche moja yaweza kuipasua na kumrushia mtu asidi machoni. Sigara na moto viwe mbali.

Na betri iliyokufa kabisa isivunjwe nyumbani wala kutupwa. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa walidhuriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia. Betri kuukuu irudishwe kwa muuzaji anayezipokea.

Mkulima wa Molo hakuhitaji fedha nyingi ili motokaa yake iwe tayari. Kipimo kidogo, nusu saa ya barabarani kila juma, na kitambaa cha kufutia ncha vingemtosha. Akiba ya umeme huoza kwa yule anayeiweka na kuisahau. Yule anayeitazama kila juma huikuta mahali pake, hata saa nane ya usiku.