Nzi Hajui Mpaka wa Shamba: Ujuzi wa Vijana na Maembe ya Makueni



Mkulima wa maembe wa Makueni anajua hasara inavyoanza. Embe limejaa, limepata rangi, linapendeza machoni. Kwenye ganda kuna kitone kidogo tu, kama mahali palipodungwa sindano. Dalali analipasua kwa kisu, anakuta funza, kisha anashusha bei ya mzigo wote. Wakati mwingine anawasha gari na kwenda zake. Mwenye shamba hana la kujibu, kwa sababu funza wameonekana.

Kitone hicho ni kazi ya nzi wa matunda. Aina iliyoleta hasara kubwa zaidi iligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, ikitokea bara la Asia. Nzi jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani ya tunda. Mayai huanguliwa yakawa funza, funza hula nyama ya embe, na embe huanguka chini kabla ya wakati. Hapo funza hutoka, hujichimbia kwenye udongo, na baada ya muda hutoka wakiwa nzi wapya. Kwa hiyo maembe yaliyooza chini ya mti ndiyo kitalu cha nzi wa wiki zijazo.

Hasara hiyo haikuishia kwa dalali. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisitisha kuuza maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa kuwa mizigo ilikuwa ikikutwa na wadudu hawa. Soko hilo lilifunguliwa tena mwaka 2021, baada ya miaka 7. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza soko lilipofungwa alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi lilipofunguliwa.

Njia za kumpunguza nzi huyu zinajulikana. Watafiti wa kituo cha icipe kilichoko Nairobi wamezifanyia kazi kwa miaka mingi, pamoja na maafisa wa kilimo na wakulima wenyewe. Kuna mitego yenye harufu inayowavuta nzi dume, ili majike yakose wa kuyapandisha. Kuna chambo cha chakula chenye dawa kidogo, kinachowekwa sehemu moja ya mti badala ya kunyunyizia mti mzima. Kuna hema dogo la wavu ambamo maembe yaliyoanguka hutupwa: nzi wanaotoka hunaswa ndani, lakini nyigu wadogo walio maadui wa nzi hupenya matundu na kurudi shambani. Na kuna kazi isiyohitaji pesa, yaani kuokota kila embe lililoanguka na kulifukia kwa kina cha futi 2 hivi.

Kama njia zipo, mbona nzi bado yupo? Jibu liko kwenye ua. Mkulima mmoja anaokota, anafukia na kuweka mitego. Jirani yake ana miembe 10 iliyoachwa na marehemu baba, watoto wote wako Nairobi au Mombasa, na maembe yanaoza chini bila mtu wa kuyaokota. Nzi wanaozaliwa huko hawasomi hati ya shamba. Wanaruka ua na kurudi kwa yule aliyejitahidi. Baada ya misimu miwili mkulima huyo anakata tamaa, naye anaacha. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndiyo maana mafunzo ya kilimo kwa vijana ni jambo la kijiji kizima. Mzee wa miaka 70 hawezi kupanda mwembe mrefu kupogoa matawi, wala mjane mwenye miti 40 hawezi kuokota kila siku peke yake. Lakini vijana 5 waliofunzwa vizuri wanaweza kuhudumia mashamba ya kijiji kizima kwa zamu, wakilipwa kwa kila mti. Jirani asiyekuwepo anaweza kutuma malipo kwa simu na miti yake ikatunzwa. Hapo ua hauwi tena kichaka cha nzi.

Kazi hiyo ina hatua zake kwa mwaka. Baada ya mavuno, miti hupogolewa ili mwanga na hewa vipenye na miti isirefuke kupita kiasi. Matunda yakiwa machanga, mitego huwekwa na kukaguliwa. Wakati wa kuvuna, embe hukatwa na kikonyo chake ili utomvu usilichome ganda, kisha huwekwa kivulini, halitupwi kwenye gunia. Kila hatua ni ujuzi, na kila ujuzi una mtu aliye tayari kuulipia.

Ni kweli kwamba maembe ni ya msimu. Kijana mwenye familia hawezi kungoja Desemba hadi Desemba. Ndiyo maana anayejifunza kazi ya miembe anashauriwa kuongeza nyingine karibu nayo: kuunganisha miche ya Apple, Kent au Tommy kwenye mashina ya kienyeji na kuiuza, kufuga nyuki, kukausha matunda, au kutengeneza pampu za maji. Fundi wa pampu aliyetoka chuo cha ufundi ni mtu wa kilimo pia, hata kama hajawahi kushika jembe.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kilimo, na katika orodha hiyo hiyo ikazipa vyuo vya ufundi vya vijijini. Mambo haya mawili yamewekwa katika mikono ya serikali moja. Mwananchi ana haki ya kuuliza, katika mikutano ya bajeti inayofanyika mashinani, kama afisa wa kilimo wa wadi na mwalimu wa chuo cha ufundi wanafanya kazi pamoja au kila mmoja ana njia yake.

Wazazi nao wana sehemu yao. Watoto wengi waliambiwa wakikosea, "Usiposoma utaishia kulima." Mtoto aliyelelewa na maneno hayo hawezi kuliona shamba kama kazi ya heshima. Samaki mkunje angali mbichi. Vilabu vya 4-K, vilivyozinduliwa upya shuleni mwaka 2021, vinampa mtoto nafasi ya kupanda na kuvuna kwa mikono yake, mradi shamba la shule lisigeuzwe kuwa mahali pa adhabu.

Msimu unaokuja unaweza kuanza kwa mambo matatu. Kila kijiji kihesabu miembe yake, ikiwemo ile isiyo na mwangalizi. Vijana walio tayari wajiunge katika kikundi na kwenda ofisi ya kilimo ya wadi kuomba mafunzo. Na wenye mashamba wakubaliane nao bei ya kila mti mapema, kabla maua hayajachanua, iandikwe na kutiwa sahihi.

Gari la dalali litarudi. Kiwanda cha Kalamba nacho kinahitaji matunda safi. Atakayepasua embe kwa kisu atakuta nyama ya manjano au atakuta funza, na hilo litaamuliwa na kazi iliyofanywa pande zote mbili za ua.