Maji Moto ya Songwe Yana Wenyewe



Mito ya Songwe ni miwili, na kila mwaka wanafunzi wangu huichanganya. Mmoja unapita mpakani na Malawi na kuingia Ziwa Nyasa. Wa pili unapita magharibi ya Mbeya kuelekea Ziwa Rukwa, na ndio ninaousema leo. Katika bonde lake ardhi inatoa maji ya moto. Pale Ilatile yanapita nyuzijoto 80. Yai ukilitia linaiva, na mtoto akitumbukia anaungua vibaya.

Mvua ya milimani huzama katika nyufa za Bonde la Ufa. Mbeya ni njia panda ya nyufa hizo: mikono ya Rukwa, Nyasa na Usangu inakutana hapa. Chini sana maji hupata moto, hubeba chokaa na gesi ya kaboni, kisha hupanda. Yakifika hewani gesi huruka, chokaa hubaki. Tabaka juu ya tabaka, karne juu ya karne, hadi jiwe. Jiwe hilo la mistari ya krimu na kahawia limekatwa likawa mabamba ya sakafu, na chokaa ya bonde hilohilo inalisha kiwanda cha saruji. Kwa hiyo wapo watu wa Mbeya wanaolala ndani ya kuta zilizotoka bondeni bila kuwahi kuyaona maji yenyewe.

Wanaoyajua ni waogaji. Wanakuja na magoti yanayouma, na ngozi zinazowasha, na uchovu wa jembe. Hutafuta mahali ambapo maji ya moto yamekwisha kupoa au kuchanganyika na ya mto, wakakaa. Sisemi kwamba maji haya yanatibu kila kitu, wala sishauri yanywewe kabla ya kupimwa. Nasema joto hulegeza viungo, na kukaa pamoja majini ni jambo ambalo jamii imelifanya kuwa lake.

Maji ya ardhini yamekusanya watu huku kusini kwa muda mrefu. Kule Ivuna, karibu na Rukwa, watu walichemsha maji ya chemchemi kupata chumvi karne nyingi kabla ya Wajerumani. Brian Fagan na John Yellen walichapisha matokeo ya uchimbuzi wao huko mwaka 1968.

Mji wa Bath, Uingereza, una kuta za Warumi kuthibitisha kwamba watu walioga pale. Songwe haina ukuta, haina lango, haina kitabu cha wageni. Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Mtaalamu akija na vipimo anaandika joto, mkondo na mpasuko. Mwogaji hana safu katika jedwali lake.

Na wataalamu wanakuja. Tangu 2013 tuna kampuni ya taifa ya kuendeleza jotoardhi, na maeneo yanayotazamwa ni pamoja na Ngozi, Kiejo-Mbaka na Songwe yetu. Nautaka umeme wa joto hilo la ardhini kwa moyo wote. Lakini tutazame Olkaria, Kenya, ambako mitambo imezalisha umeme tangu 1981. Mwaka 2013 lilifunguliwa pale bwawa la kuogea linalotumia maji ya mitambo. Mwaka uliofuata familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha upanuzi, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia. Japani nako, wenye nyumba za kuogea wamepinga visima vya jotoardhi wakihofia chemchemi zao kukauka.

Ninachodai ni kidogo. Kabla ya kisima kuchimbwa, kila chemchemi ipimwe joto na wingi wa maji, misimu yote, na vijana wa kijiji washike vipimajoto wenyewe. Sheria ndogo za halmashauri zilinde mahali pa kuoga bure. Na chemchemi ziandikwe kwa majina wanayoziita wenyeji. Namba za ramani zifuate baadaye.

Wazee wangu mliotoka bondeni asubuhi hii, ndiyo sababu nimewaomba mfike mapema. Daftari liko pale mezani, karibu na dirisha. Tutaanzia chemchemi ya juu kabisa, tushuke na mto.