Herufi Tatu za Kuvuka Ziwa: Vifupisho vya Redio ya Ridhaa katika Mwambao wa Nyasa



Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli, bandari ya mwambao huu waliyoiita Sphinxhafen, ikifanyiwa matengenezo. Waingereza wakaja na meli yao, Gwendolen, wakaifyatulia mzinga. Nahodha Mjerumani alishangaa, maana hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Rhoades, nahodha wa Waingereza, alikuwa ameshaletewa simu. Vituo vya simu ya upepo, yaani redio, vya Wajerumani vilikuwa Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Mwambao huu haukuwa na kituo hata kimoja.

Milima iliyowatenga watu wa Liuli na habari bado ipo. Maji ya ziwa yako kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo, upande wa Mbinga, inapanda hadi karibu mita 2,000. Mawimbi ya redio za mkononi huenda moja kwa moja, hivyo hukwama kwenye miteremko ile. Mawimbi mafupi ya bendi ya mita 40 yanaweza kurushwa juu, yakarudishwa na tabaka la anga na kushuka ng'ambo ya mlima. Yakishuka huwa hafifu. Sauti ya mtu inapomezwa na mikwaruzo, nukta na mistari ya Morse bado husikika, hata kwa mtambo wa wati 5. Ndipo vifupisho vinapohitajika: kila herufi inayopunguzwa ni muda na betri vilivyookolewa.

Vifupisho vinavyoanza na Q vilikubaliwa na mataifa London mwaka 1912, kwa ajili ya meli ambazo mafundi wake hawakuwa na lugha moja. Uzuri wake ni kwamba kifupisho kilekile huuliza na kujibu. Ukipiga QTH na alama ya kuuliza, unauliza, "Uko wapi?" Mwenzako akijibu QTH LIULI, amekwisha kueleza. QRM ni kuingiliwa na vituo vingine. QRN ni makelele ya radi, na huku kwetu mtakutana nayo sana wakati wa masika. QSB ni sauti kupanda na kushuka. QRX ni subiri, QSL ni nimepokea. Ninachokipenda kuliko vyote ni QSP: "Je, utanifikishia ujumbe kwa fulani?" Tuchukulie boti limezidiwa na mawimbi nje ya Lituhi na Songea haisikii. Kituo cha Mbinga kikijibu QSP SONGEA, mnyororo umeungana.

Ziwa hili linapakana na nchi tatu, na kila moja ina alama yake hewani: Malawi 7Q, Msumbiji C9, sisi 5H. Sikilizeni 5H ikipigwa: nukta tano, pumziko fupi, nukta nne. Hakuna mstari hata mmoja. Fundi wa Msumbiji asiyejua Kiswahili, akisikia nukta hizo tisa, atajua anaitwa kutoka Tanzania, na atajibu QTH yake bila mkalimani.

Saa nayo inahitaji uangalifu. Sisi tukisema saa 3 asubuhi, Nkhata Bay, ng'ambo Malawi, ni saa 2 asubuhi kwa hesabu hiyohiyo. Kwenye daftari la kituo, mafundi wa pande zote mbili wataandika 0600, saa ya dunia. Tusipolizoea hili mapema, siku ya maafa taarifa zitapishana kwa saa nzima.

Nina onyo moja. Mnapozungumza kwa sauti, Mtanzania na Mtanzania, semeni Kiswahili. Kumwambia muuguzi wa Litembo "QRX" wakati "subiri" lipo ni kumchosha bure. Tena vifupisho hivi si siri: maana zake zimechapishwa wazi, na kanuni za kimataifa zinakataza kuficha maana ya mazungumzo ya redio ya ridhaa yanayovuka mpaka. Kanuni hizohizo huruhusu kubeba ujumbe wa watu wengine kuvuka mpaka pale tu panapokuwa na dharura au uokoaji.

Kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kusikiliza na kujifunza kupokea Morse shuleni kunaweza kuanza na redio moja ya mawimbi mafupi na waya uliotundikwa mtini. Naomba vikundi vya leo mchana vianze na QTH, QRX, QSL na QSP, mmoja akigonga meza kwa kalamu na mwenzake akiandika. 73, zile salamu za kuagana ambazo wapiga simu wa Marekani walizitumia tangu karne ya 19, tutazifikia kesho.