Zawadi ya Karatasi Inayosema Kiswahili: Mada kwa Familia za Rockville



Mada hii inatetea jambo moja. Familia inayozungumza Kiswahili hapa Rockville ina sababu yake ya pekee ya kutengeneza kadi, bahasha na zawadi nyingine za karatasi kwa mikono, na sababu hiyo si kubana matumizi wala kujaza saa za watoto wakati wa baridi. Zawadi yenye maneno ya Kiswahili, inayomtaja mtu kwa nafasi yake katika ukoo, haiuzwi dukani katika mji huu. Anayetaka kumpelekea shangazi kadi ya pole, au kumpongeza kijana aliyehitimu sekondari kwa maneno ambayo bibi yake wa Tanga, Kisumu au Bukavu angeyasema, hana budi kuitengeneza mwenyewe. Na kwa kuwa ni lazima aitengeneze, nadai kwamba anapaswa kuifanya kwa ufundi, maana maneno mazuri juu ya karatasi iliyopinda na gundi iliyovuja hayampi heshima yule anayeyapokea.

Tuanze na soko, maana hapo ndipo penye ushahidi. Rockville ni makao makuu ya Kaunti ya Montgomery, Maryland, kaunti ambayo sensa ya 2020 iliikuta na watu zaidi ya milioni moja, karibu theluthi moja yao wakiwa wamezaliwa nje ya Marekani. Wachina ni wengi hapa mjini. Wao wakihitaji bahasha nyekundu za kutilia fedha za watoto katika mwaka wao mpya, wanazikuta zimekwisha kupigwa chapa kwa maandishi yao katika maduka ya vyakula vya Kiasia. Wateja wapo wa kutosha na kiwanda kinapata faida. Sisi tumetawanyika: huyu yuko Rockville, yule Gaithersburg, mwingine Silver Spring, na tumetoka Tanzania, Kenya, Kongo, Uganda, Burundi na Rwanda. Hakuna mchapishaji atakayetupigia chapa maelfu ya kadi. Mtoto wetu hupokea mkono wa Idi katika bahasha ya benki, na kadi ya Krismasi yenye maneno ya mtunzi asiyemjua bibi wala babu yake. Siwalaumu wenye maduka, kwani wanauza kinachonunuliwa. Lakini pengo hilo haliwezi kuzibwa na soko, na kila mwaka unaopita bila kuzibwa ni mwaka ambao maneno ya hongera, pole na heri hayaandikwi kwa lugha yetu katika nyumba zetu.

Hata hiyo biashara ya kadi za madukani hapa Marekani kwa sehemu ilianzia nyumbani. Esther Howland wa Worcester, Massachusetts, alianza katika miaka ya 1840 kutengeneza kadi za Siku ya Valentine katika nyumba ya wazazi wake, akiwagawia kazi wanawake waliokaa mezani: mmoja akikata, mwingine akipanga, mwingine akigundisha. Mwaka 1881 biashara hiyo iliuzwa kwa kampuni kubwa zaidi, na kufikia 1910, mwaka ambao Joyce Hall alianzisha Kansas City kampuni iliyokuja kuwa Hallmark, kadi ilikuwa bidhaa ya viwandani. Kilichobadilika hapo ni maneno. Kadi inayouzwa kwa watu laki moja lazima iseme kitu kinachowafaa wote laki moja. Haiwezi kusema "mama mkubwa", wala kumtaja mjomba aliyelipa ada ya shule.

Pingamizi la kwanza linatoka kwetu wenyewe, na ni zito. Wako wanaosema kwamba kadi si zawadi ya Waswahili, kwamba kwetu mtu hupewa fedha, sukari, khanga au mbuzi, na karatasi haishibishi. Ni kweli kwamba karatasi haishibishi. Si kweli kwamba zawadi yenye maneno ni ugeni. Khanga imekuwa ikibeba maneno tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mtu anayenunua doti kwa ajili ya mtu fulani husoma kwanza jina, yaani maneno yake, kisha ndipo hutazama rangi. Mama akimpa mkwe khanga, maneno yale ni nusu ya zawadi, na pengine zaidi. Harusi za Tanzania nazo zinaendeshwa kwa karatasi: kadi ya mchango hutangulia, kamati hufuatilia ahadi, kisha kadi ya mwaliko huonyesha kama umealikwa peke yako au na mwenzio. Basi kadi ya nyumbani ina ukoo tayari. Napendekeza tuufuate ukoo huo hata katika kuichora. Khanga ina pindo linaloizunguka, mji katikati, na jina chini ya mji. Mpangilio huo huo ukihamishiwa kwenye kadi, pindo la vipande vya karatasi za rangi, picha moja katikati, na mstari mmoja wa maneno chini yake, unatoa kadi ambayo Mswahili yeyote ataitambua kabla hajaisoma. Mtoto anayeipanga anajifunza pia kwamba maneno yana mahali pake pa heshima, hayachomekwi popote palipobaki nafasi.

Sasa ufundi. Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo, kwa sababu nyuzi zake hulala kwa wingi upande mmoja wakati rojo linapopita kwenye mashine. Ukiikunja karatasi ya manila kufuata nyuzi, mkunjo unakaa sawa. Ukiikunja kukata nyuzi, inapasuka mgongoni na kuonyesha vinyweleo. Kujua mwelekeo hakuhitaji kifaa: pinda karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza upande mmoja kisha mwingine, na upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Kabla ya kukunja, pitisha ncha butu kando ya rula ili kuacha mfuo, kisha kunja kwenye mfuo huo. Gundi ya maji hulowesha nyuzi na kuzinenepesha, ndiyo maana kadi iliyopakwa gundi nyingi hujikunja kama jani kavu. Gundi ya uji wa unga wa ngano, ile ile ambayo watoto wa Afrika Mashariki huitumia kutengenezea tiara, bado inafaa sana, mradi ipakwe nyembamba na kazi ikaushwe chini ya vitabu vizito.

Vipimo navyo vinawasumbua wengi bila wao kujua sababu. Karatasi tuliyoizoea ya A4 ina milimita 210 kwa 297, na ukiikunja katikati uwiano wa pande zake haubadiliki, kwa hiyo mchoro wa kadi kubwa unapungua vizuri kuwa wa kadi ndogo. Karatasi ya kawaida ya Marekani ina milimita 216 kwa 279 na haina sifa hiyo. Kielelezo kilichochorwa Dar es Salaam au Nairobi kikichapwa hapa hukatwa ukingoni au hubaki na nafasi isiyo na kazi. Tiba ni kuchora upya kwa vipimo vya hapa, na kuanza na bahasha kabla ya kadi. Bahasha nayo ina masharti. Posta ya Marekani hutoza nyongeza kwa bahasha ya mraba, au ngumu isiyopindika, au yenye vifundo ndani, kwa kuwa mashine zake haziwezi kuipitisha. Na barua haipaswi kuzidi unene wa robo inchi. Kadi iliyoshonewa shanga basi itolewe mkononi, au ipewe msafiri anayekwenda nyumbani, ambako hata hivyo barua nyingi huishia kwenye sanduku la posta na si mlangoni.

Kuhusu malighafi, mifuko ya kaki ya madukani ni karatasi bora kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu hutengenezwa kwa nyuzi ndefu za miti kama misonobari na haichaniki ovyo. Inafaa bahasha na maboksi madogo. Gazeti halifai kwa kitu cha kuhifadhiwa. Lina lignini nyingi, dutu itokayo kwenye mti, na mwanga huigeuza kuwa manjano kisha karatasi ikakauka na kukatika. Jambo hili si dogo katika eneo hili letu: Maktaba ya Bunge mjini Washington imetumia miaka mingi kupambana na asidi inayokula karatasi za vitabu vilivyochapwa tangu katikati ya karne ya 19. Kadi ambayo mjukuu ataisoma miaka 40 ijayo inastahili karatasi isiyo na asidi, ambayo katika maduka ya vifaa vya sanaa huwa imeandikwa hivyo kwenye pakiti. Gazeti, barua za matangazo na daftari za shule zilizokwisha zinafaa kazi nyingine: kulowekwa, kusagwa kuwa rojo, kuchotwa kwa fremu yenye wavu, kukamuliwa na kukaushwa kuwa karatasi mpya nzito ya lebo za zawadi. Ila unga wa kumetameta usitumike. Karatasi iliyopakwa unga huo haifai tena kurejelezwa, na kaunti hii inakusanya karatasi majumbani.

Pingamizi la pili ndilo ninalolisikia zaidi katika mijadala ya namna hii: kama kazi ni nzuri, kwa nini tusiiuze? Mifano ya Afrika Mashariki hutajwa kuunga mkono hoja hiyo, na inafaa tuitazame vizuri. Mjini Kampala, kuanzia 2004, shirika la BeadforLife liliwauzia Wamarekani shanga za karatasi zilizosokotwa na wanawake, wengi wao wakiwa wamekimbia vita vya kaskazini ya Uganda na wakiishi kwa kuponda kokoto. Shanga zile, vipande vyembamba vya pembe tatu vilivyoviringishwa na kupakwa vanishi, ziliuzwa katika nyumba za Wamarekani waliowaalika marafiki zao. Wanunuzi walinunua shanga pamoja na habari za aliyezitengeneza, na shirika lenyewe baadaye likageukia kufundisha biashara ndogo za aina nyingine. Iringa nako, Neema Crafts ilianza 2003 chini ya Kanisa Anglikana kwa vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi, ikiwemo ya kinyesi cha tembo. Hiyo ni karakana yenye wafanyakazi wa kila siku na wageni wanaopita kununua, na sifa yake imejengwa na ubora wa kazi. Meza ya jikoni Rockville haina wafanyakazi wa aina hiyo wala wageni hao. Kima cha chini cha mshahara kwa waajiri wakubwa wa kaunti hii kimezidi dola 17 kwa saa. Kadi inayochukua saa moja na nusu ingepaswa kuuzwa kwa zaidi ya dola 25 kabla ya kuhesabu karatasi, nayo iko karibu na kadi ya dola chache kwenye rafu. Hesabu hiyo haitukatazi kutengeneza. Inatuonyesha kwamba kadi hii ni zawadi ya kazi ya mtu, na kuipima kwa bei ya duka ni kuipima kwa kipimo kisichoihusu. Atakayepata wateja na apate, lakini tusiwafundishe watoto kwamba kazi isiyouzika haina thamani.

Kuna hoja ya muda, nayo sitaipuuza, kwa sababu wazazi wengi hapa wanafanya kazi zamu mbili. Sidai kadi kwa kila siku ya kuzaliwa. Nadai tukio moja au mawili kwa mwaka ambayo familia inayachagua kwa makusudi. Kuna pia hoja ya simu: mwaliko wa WhatsApp hufika Mwanza kabla wino haujakauka, na kamati za harusi zinaitumia ipasavyo. Na iendelee kutumika kwa taarifa. Lakini ujumbe wa simu mara nyingi hupotea simu inapobadilishwa, na hakuna aliyewahi kuuona umewekwa ndani ya Biblia au Kurani ya bibi.

Hoja inayouma ni ile ya watoto: hawasomi Kiswahili, sasa kadi itawafaa nini? Hapa mfano uko karibu nasi. Tangu 1966, Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa yenye maneno ya Kiswahili, familia nyingi za Wamarekani weusi, zikiwemo za Washington na Maryland, huweka mkeka, huwasha mishumaa, hutoa zawadi, na tarehe 31 Desemba huadhimisha Kuumba. Watu ambao hawakulelewa katika lugha hii wameyashika maneno yake kwa miongo mingi kwa sababu yamefungwa kwenye vitu vinavyoshikwa na vitendo vinavyorudiwa kila mwaka. Mtoto wetu ambaye anasikia lugha hii kila siku, hata kama hajibu, yuko karibu nayo zaidi. Akiandika "Shikamoo bibi" kwa mkono wake, akakosea, akafuta na kuandika tena, amefanya kazi ambayo hakuna somo la Jumamosi litakaloifanya haraka hivyo.

Mahafali ya sekondari katika kaunti yetu hufanyika kila mwaka kuelekea Juni. Naomba kila familia iliyohudhuria hapa ichague kijana mmoja anayehitimu, impigie simu mzee mmoja nyumbani na kumuuliza angemwambia nini, kisha iandike maneno hayo kama alivyoyasema kabla ya kukata karatasi yoyote.