Mwenye Eropleni na Wajibu Wake

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za mtu mwenye eropleni yake mwenyewe, ndogo na ya zamani. Huenda mmoja wenu akauliza, "Habari hizi zatuhusu nini sisi wakulima wa ulezi na maharagwe?" Sikilizeni, mtaona.

Eropleni moja iliyojulikana sana zamani katika nchi zetu ni Gipsy Moth, kazi ya kampuni ya de Havilland ya Uingereza. Moth ya kwanza iliruka mwaka 1925. Kiunzi chake ni cha mbao, mabawa yamevikwa nguo iliyopakwa dawa ya kuikaza, na watu wawili hukaa mmoja mbele ya mwenziwe. Injini yake ina nguvu za farasi 100. Mabawa hukunjwa nyuma, hata mwenyewe aweza kuilaza bandani. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways huko Nairobi kwa eropleni moja tu ya namna hii.

Lakini kuinunua si kazi. Kazi ni kuitunza. Mbao huoza kwa unyevu, na nguo huchakaa kwa jua. Kwa hiyo kila mara kabla ya kuruka mwenyewe huizunguka kwa miguu, akagusa kila waya, akapima mafuta, akahakikisha kwamba hamna maji katika petroli. Maana injini ikizimika juu, hapana ukingo wa njia pa kusimama.

Tena liko jambo la hewa. Wazee wetu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, yaani tanuru ndefu za udongo, nao walijua ya kuwa moto usipovuta hewa ya kutosha chuma hakitoki. Injini nayo ni vivyo hivyo. Sumbawanga iko juu ya bahari kadiri ya futi 6,000, na huko hewa imepungua kama sehemu moja katika sita kuliko pwani. Injini hukosa pumzi, na mabawa hukosa cha kuegemea. Jua la mchana likizidi, hewa huzidi kuwa nyepesi. Basi mwenye busara huondoka mapema asubuhi, tena hupunguza mzigo.

Bwana Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kenya, alikuwa na Gipsy Moth yake, akaitumia kutafuta tembo toka juu. Tarehe 14 Mei 1931 aliruka kutoka Voi pamoja na mtumishi wake, Kamau. Punde eropleni ikaanguka, ikaungua, wote wawili wakafa. Jina la bwana limejaa vitabuni. La Kamau hutajwa kwa nadra. Eropleni ilikuwa ya mmoja, mauti yalikuwa ya wawili.

Ndiyo maana twasema habari hizi zawahusu. Mwenye eropleni, mwenye lori, mwenye mtumbwi katika Ziwa Tanganyika, wote wamebeba roho za watu. Akiwa na shaka, na aseme, "Leo hatuendi." Huo si woga. Nanyi vijana mnaoalikwa kupanda, msione haya kuuliza kwa adabu, "Bwana, umekwisha kuikagua?"